Tundu la Ghala na Mama Mkwe

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa mimi nilikuwa mtu wa kwenda popote lori linapokwenda. Shule niliiacha mapema, lakini udadisi haukuniacha. Nilibeba magunia kwenye kinu cha misheni, nikakoroga zege Sumbawanga mjini, nikateremka Muze kufanya biashara ya samaki wakavu na kuishia kuwala mwenyewe. Mwisho nikaingia kijiji kimoja upande wa Mollo. Nilipewa jembe, na siku hiyohiyo nikamkuta mwanamume mzima analia nyuma ya ghala.

Alikuwa bwana ghala, mtu wa Mbeya aliyeletwa na serikali. Ufunguo wa ghala la mahindi aliuvaa shingoni kama rozari. Kila asubuhi, kabla watu hawajaenda shamba la kijiji, alifungua, akaipimia kila kaya kisado kimoja, akafunga. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Mahindi yakipungua, jela ni yake. Na mke wake alikuwa Kaengesa kwa masista, siku zake za kujifungua zimewadia, baada ya mimba mbili kuharibika.

"Si umwachie mtu ufunguo uende?" nikamuuliza.

"Nani? Mwenyekiti ana mashemeji. Katibu ana kiu ya pombe. Ukimpa mtu ufunguo, umempa ghala zima."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Kumbe watu hawakuwa na haja ya ghala zima. Haja yao ilikuwa kisado.

Nikamwomba mwenyekiti mbao na ruhusa ya kutoboa ukuta. Ndani tukaweka sanduku kubwa la mahindi lenye miguu, na chini yake kijisanduku cha kisado kimoja, chenye kibao juu na kibao chini. Kamba moja ilitokea nje. Ukiivuta, kibao cha juu kinafunga, cha chini kinafunguka, kisado kinamwagika kupitia tundu la ukutani kwenye chombo chako. Ukiiachia, kijisanduku kinajaa tena. Mkono haupiti.

Watu wakapiga makofi. Bwana ghala hakupiga.

"Mwiteni mwizi," akasema.

Kijiji kilikuwa na mwizi wake mmoja, anayejulikana na kupendwa, maana akiiba kuku alikualika mchuzi. Alikuja taratibu, akatusalimia kama fundi aliyeitwa kazini.

"Nikiyatoa, ni yangu?"

"Unarudisha!" mwenyekiti akafoka.

"Basi mnanichosha bure."

Hata hivyo aliishika kamba. Akaivuta nusu, akaishikilia hapohapo, kati na kati. Vibao vyote viwili vikabaki wazi kidogo, na mahindi yakaanza kutiririka bila kukoma. Yakajaza chombo, yakajaza kofia yake, yakamfikia kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa anapiga mluzi.

Nilifunga jiwe kwenye kamba iwe nzito. Akaishinda. Nikakata vibao upya. Akavishinda kwa kidole cha mguu. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini, ila bwana ghala, aliyekuwa anatazama barabara ya Kaengesa.

Hapo mke wa mwizi, aliyebeba mtoto mgongoni, akasema, "Mnahangaika na mbao za nini? Mwekeni mama yangu hapo."

Kicheko kikakatika. Mwizi akaiachia kamba kana kwamba imeshika moto.

"Mke wangu, usinifanyie hivyo."

Kwa watu wa kule, mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Akimwona njiani, anapitia majanini. Bibi akaletwa na kigoda chake, fimbo, na ungo wa maharage ya kuchambua. Kabla hajakaa vizuri, mkwewe alishatoweka nyuma ya mihogo. Na bibi hakuwa na ufunguo, wala hakujua kufungua kufuli. Kazi yake ilikuwa moja: kila kaya ivute mara moja, mpaka mwisho.

Bwana ghala akapanda baiskeli bila kuaga.

Siku ambazo bwana ghala hakuwepo, mwizi alimtuma mkewe. Mke alivuta mara moja, akajaribu tabasamu ili avute tena. "Hata ukiwa mwanangu," bibi akasema, bila kuinua macho kwenye maharage.

Bwana ghala alirudi vumbi tupu, anaimba barabarani. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama tarumbeta! Akamwamkia bibi shikamoo, akavuta kamba, akakinga kisado chake. Kisha akaivuta tena, maana alitaka kutupikia watu wote.

Fimbo ikatua mkononi mwake.

"Bibi! Ni mimi, mwenye ufunguo!"

"Ufunguo ni wa mlango, baba," bibi akasema. "Nenda mlangoni. Hapa umeshapata."

Bwana ghala akacheka, akazunguka ghala kwenda kufungua, huku anapuliza vidole vyake.