Kibuyu Kilichomwagwa Kirushya

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini tawi la chama chetu hapa Kirushya nililijenga mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yangu. Kampeni zilipoanza, mwenyekiti wetu kutoka mjini akaja kuomba kura. Mama mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, akamletea kibuyu cha pombe ya ndizi. Akaonja kwanza, kama desturi yetu, mgeni aone haina sumu, ndipo akampa.

Mwenyekiti akafura. "Unaninywesha mabaki yako? Mimi mbwa?" Akaimwaga yote chini, watu wanatazama.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, hiyo ni heshima. Muombe mama radhi."

"Kaa chini, mzee! Chama ni mimi!"

Mama akaokota kibuyu chake. "Basi kakipigie kura hicho chama chako peke yako, mwanangu." Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaondoka pamoja na mama.

Tulishindwa hata kitongojini kwangu. Wapinzani hawakuhitaji hata kuja kuhutubia. Vijana bado wananipa shikamoo njiani, ila chini ya bendera yangu haji mtu, na miguu ya kuanza upya sina.