Simu Ilipofika Bwenini

Hadi mwaka wangu wa pili chuoni, simu ilikuwa moja tu, nayo ilikaa mezani kwa mkuu wa chuo. Sisi wanafunzi tuliisikia ikilia tukipita karibu na ofisi yake, basi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, na mzazi aliyekuwa na habari ya kumpa mwanawe alipanda gari akaja mwenyewe, au akamtuma mtu.

Muhula ule mafundi walikuja na sepetu zao. Walichimba mitaro kutoka ofisini hadi kwenye mabweni, wakalaza nyaya za simu, wakafukia. Juu ya tangi la maji wakasimamisha antena moja kubwa, na kutoka hapo waya ukavutwa hadi kila bweni, ili kila bweni liwe na televisheni yake. Siku ya ufunguzi mkuu wa chuo alitukusanya uwanjani.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mwalimu atakayetoka hapa bila kujua mambo ya dunia."

Tulipiga makofi. Matroni naye akatoa masharti yake: simu ya bweni ni ya kupokea tu, anayeongea asipige kelele kama yuko sokoni, na televisheni itazimwa yeye akisema izimwe.

Simu yetu ilifungwa ukutani kwenye korido, karibu na mlango wa chumba cha televisheni. Mwanzoni kila ilipolia wasichana walikimbilia huko, na aliyeitwa alitembea kwa maringo kama bibi harusi. Nilipoenda nyumbani, upande wa Kerugoya, nilimpa kaka yangu namba. Yeye alikuwa akiuza mbolea katika duka moja mjini. Baba alicheka, akauliza kama sauti itakayotoka humo itakuwa yangu kweli au ya mtu anayeniiga.

Jumamosi moja jioni tulikuwa tukitazama vichekesho. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na picha ilijaa chenga, lakini tulikuwa tumekwisha kuzoea. Simu ikalia, nikaitwa. Kwanza ilikuwa sauti ya opereta: "Kerugoya iko kwa laini. Ongea." Kisha nikamsikia kaka.

"Haro? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

"Baba amefariki. Alianguka shamba asubuhi, akikatia ng'ombe majani. Tulimpeleka hospitali, lakini hatukumfikisha."

Alisema hayo kwa Kiswahili. Nyumbani hatukuwahi kusemezana kwa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya shule na ya ofisi, na maneno yake yalinifikia kama tangazo la redio linalomhusu mtu wa mbali.

"Sawa," nikasema.

"Umesikia nimesema nini?"

"Nimesikia. Baba amefariki."

"Basi kuja kesho."

"Sawa."

Laini ikakatika. Nikarudisha mkono wa simu mahali pake, nikarudi kwenye kiti changu. Mtu mmoja katika televisheni alikuwa akipanda ngazi na mwenzake akiivuta kwa chini. Wenzangu walikuwa wakicheka. Msichana niliyelala naye chumba kimoja akanigusa bega.

"Nani alikuwa anakuita?"

"Kaka yangu."

"Anasema nini?"

"Baba amekufa."

"Ati nini?"

Aliinuka akazima televisheni, na yeye ndiye aliyelia. Wengine walinitazama wakingoja. Matroni aliniletea chai yenye sukari nyingi, nikainywa yote. Nakumbuka nilimshukuru, nikamwuliza kikombe nikioshee wapi.

Kesho yake nilifika nyumbani. Shangazi, dada yake baba, alinipokea langoni.

"Ni nani alikuambia?"

"Kaka."

"Alikuja huko?"

"Alipiga simu."

Shangazi akamgeukia kaka, aliyekuwa akipanga viti vya waombolezaji. "Umemwambia mtoto akiwa amesimama peke yake, kwa waya? Hakuna mtu wa kumshika?"

Kaka aliendelea kupanga viti.

Tulimzika baba. Mama aliniegemea kaburini na nilichohisi ni uzito wake tu, na viatu vyangu vikizama kwenye udongo uliolowa. Watu walisema nina moyo wa nguvu. Sikuwa na nguvu yoyote. Sikuwa na kitu.

Kahawa ilikuwa imeiva na haikungoja matanga. Waombolezaji walipopungua, mimi na kaka tulichukua vikapu tukaingia shambani. Tulichuma, kila mmoja upande wake wa mti, mpaka nikamwuliza kwa nini aliniambia kwa Kiswahili.

"Opereta alianza na Kiswahili," alisema. "Na watu walikuwa wamejaa posta, nyuma yangu. Niliona nikisema kwa Kikuyu nitaanguka hapo." Akavuta tawi karibu. "Halafu wewe ukasema sawa. Nilitoka nje nikafikiri, huyu hana huruma, ama ni mimi sikusema vizuri."

"Ulisema vizuri."

Ndipo akanieleza upya, kwa lugha yetu, bila kunitazama: jinsi baba alivyoamka na njaa, alivyoomba viazi vya jana, alivyotoka na panga akiimba. Alipofika pale pa kumkuta baba chini, kaka alilia. Nilimshika mkono. Kikapu changu kilikuwa kimejaa, nikachuma nikitia katika chake.

Nilirudi chuoni nikafanya mitihani nikapita. Machozi yalinijia baadaye sana, nikiwa mwalimu huko Timau, asubuhi moja nikiandika tarehe ubaoni. Watoto wakaacha kelele. Nilisimama nikiwapa mgongo kwa muda, kisha nikamaliza kuandika tarehe, nikawaambia wafungue vitabu.