Mama Mdogo na Udongo wa Mto Kuywa

Jirani yangu hapa Matisi akitia kokoto kwenye mtungi na kuutikisa ili kutoa ukungu wa kijani, mimi huacha kazi nikasikiliza. Ile chwaka-chwaka hunirudisha kwetu Kabuchai, kwenye Mto Kuywa tulikosafisha mitungi hivyo hivyo, na shuku ya zamani huamka.

Mto ule ulikuwa wa kila mtu. Juu tulichota maji ya kunywa, chini kidogo tukafua, na chini kabisa ng'ombe walikunywa. Mwanamke hakwenda peke yake. Habari zote za kijiji zilisuuzwa pale pamoja na nguo. Basi Mama Mdogo, mke wa baba yangu mdogo, alipoanza kwenda wakati wenzake wanarudi, si watu walinuna! Kisha akaonekana akichimba udongo ukingoni na kuuficha kwenye leso. Nanyi mnajua, kwetu mtu anayezoa udongo penye nyayo za watu hana jema. Wanawake wakawa wanahamisha karai zao akitokea. Ikasemwa ati arudishwe kwao.

Kukhu, yaani nyanya yangu, akaniita. "Wewe una macho ya mwewe. Mfuate, halafu unyamaze mpaka ufike kwangu."

Nikajificha kwenye miwa. Mama Mdogo akatazama kulia, akatazama kushoto, akamega ule udongo, akautia mdomoni. Mungu wangu! Anatafuna nyayo zetu! Nilikimbia nusura nivunjike shingo.

Kukhu alinisikiliza, akacheka mpaka machozi. Kesho yake alishuka mtoni mwenyewe, akachimba udongo safi, akaukausha juu ya meko, akampelekea. Akawaambia wanawake, "Huyu asibebe maji tena. Atakayeuliza, aniulize mimi."

 Nami nikajisemea, haya bana, sasa wachawi ni wawili.

Mtoto wa Mama Mdogo alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Lakini nilikuwa mtu mzima, nina mimba yangu mwenyewe na ile hamu ya udongo imenishika, ndipo Mama Mdogo aliponieleza. Mimba zake mbili za kwanza alizitangaza pale mtoni, katikati ya wanawake, na zote zikatoka. Ya tatu akaapa kuificha.

"Macho mabaya ya watu ndiyo yaliyozitoa, mwanangu," alisema. "Sikujua ni ya nani."

Niliumia. Siku zile zote nilidhani namchunga mchawi. Kumbe yeye, kila muwa ulipotikisika, alijua mchawi amemfuata.