Ufunguo wa Kanisa la Montbrassac

Solange Vasseur aliolewa Montbrassac, na miaka thelathini na mmoja baadaye kijiji kizima kilikuwa bado kinamwita yule wa kaskazini. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa, tena kwenye mizabibu ya mkwewe, mpaka viganja vikaota sugu, na ugeni haukumtoka. Majira ya baridi yaliyopita mumewe akafariki, akabaki peke yake katika nyumba ya mawe yenye vyumba sita.

Mwezi wa Juni marafiki zake wawili wa tangu shule, Ghislaine na Edwige, wakafunga safari kutoka Lille, kule kaskazini alikotoka. Walisema wamekuja kuona vijiji na majengo ya kale. Uongo mtupu! Walikuja kumchukua. Jirani na kwa Ghislaine palikuwa na nyumba ndogo ya kupanga, na mwenye nyumba alitaka jibu kabla ya Jumapili.

Solange akawatembeza. Waliona kinu cha maji cha kusagia nafaka kilichobaki kuta tupu, wakaona birika la mawe ambamo kina mama walifulia zamani, wakakaa ukingoni kula mkate na jibini ya mbuzi. Edwige alisifu kila kitu, kisha akaanza.

"Na mkate mnanunua wapi, shoga?"

"Gari la mikate linapita Jumanne na Ijumaa."

"Haya. Na daktari?"

"Kilomita ishirini."

"Sasa ukianguka ngazini je?"

Solange akakung'uta makombo ya mkate mapajani. Hofu hiyohiyo alikuwa nayo tangu mazishi, na ilimuudhi kuisikia mdomoni mwa mtu mwingine. Moyoni alikuwa ameshakubali nusu.

Likabaki kanisa dogo la kilimani. Ufunguo wake hukaa chini ya kilima kwa kikongwe Bibi Célestine, nyuma ya mlango wa jiko, na Bibi Célestine hampi mtu. Hufungua mwenyewe, akasimama mlangoni amekunja mikono kana kwamba mmekuja kuiba watakatifu. Solange akabisha.

"Nani?"

"Solange, mama."

"Ahaa, wa kaskazini. Nasikia unahama."

"Nani kasema?"

"Mtu wa mikate. Kweli au uongo?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Mtu mzima hajui atalala wapi!" Bibi akatazama kilima, akatazama magoti yake yaliyovimba. "Mie leo sipandi. Wala kesho sipandi. Haya, shika. Ukifungua uinue mlango kidogo, bawaba imechoka. Kiti cha mbele asikalie mtu, ni cha marehemu mama yangu. Na ukimaliza usinirudishie. Kaa nao wewe."

Solange akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda mpaka akaona haya, mwanamke wa miaka sitini na tatu.

Kanisa lenyewe picha za ukutani zimebabuka, na mbayuwayu wamejenga darini. Edwige aliona dakika tano zinatosha. Solange akafunga, akausukuma mlango kuhakikisha.

Wakiwa wanateremka, Ghislaine akamshika mkono. "Haya, shoga yangu, niambie. Yule mwenye nyumba nimjibu nini?"

Kabla hajasema neno, dirisha la Bibi Célestine likafunguka.

"We wa kaskazini! Alhamisi saa nne wanakuja Wabelgiji kumi na wawili kuliona kanisa. Usichelewe!"

"Sichelewi, mama!" Solange akajibu kwa sauti.