Maneno ya Kuruka Foleni

Nilikaa miaka sita kwenye meza ya mapokezi ya dharura, katika hospitali moja ya Bujumbura. Kazi yangu ya uuguzi ilikuwa moja tu: kuamua nani aingie sasa na nani akae kwenye benchi. Watu wanadhani kazi hiyo inahitaji huruma. Inahitaji zaidi masikio yasiyochoka, na yangu yalichoka mapema.

Walikuja na mafua. Walikuja na mwiba, na upele, na kikohozi cha siku moja. Bwana mmoja wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, alikuwa akiegesha gari mlangoni kila Jumatatu ili apimwe presha kabla ya kwenda ofisini, na ukimwambia asubiri ananuna hadi unajuta kumsalimia.

Lakini sina haki ya kuwacheka, maana wengine niliwaleta mwenyewe. Naishi Buterere. Mvua ikinyesha maji yanafika uvunguni mwa kitanda, na kituo chetu cha afya mara nyingi kina watu wengi na kabati tupu la dawa. Wanawake ninaoimba nao kwaya walinilalamikia kwamba hospitalini nako wanakaa asubuhi nzima. Nikajifanya mjuzi. Baada ya mazoezi, tukiwa bado kwenye madawati ya kanisa, nikawaambia: mkifika msiseme mtoto ana homa. Semeni amezimia njiani. Aliyezimia hasubirishwi.

Walinishukuru sana, nami nikaona fahari. Fahari ile naionea aibu mpaka leo.

Haikupita miezi mingi, maneno yakafika hadi mtaa wa Gasenyi. Wanawake nisiowajua wakawa wanasimama mbele ya meza yangu na kuniambia maneno yangu mwenyewe, huku huyo mtoto aliyezimia akitafuna andazi mgongoni. Jirani yangu, mwenzangu wa kwaya ambaye ukuta wa nyumba yake ndio ukuta wa kwangu, alikuja na maneno hayo mara tatu. Mara zote tatu nilimkimbilia, na mara zote tatu yalikuwa mafua.

Mara ya nne ilikuwa Jumatatu, benchi limejaa, na bwana wa Kinindo ameshakunja mkono wa shati.

"Dada, mutoto amezimia mu njia."

"Na leo tena?" nikamjibu. "Kaa pale, mama. Ngoja kwanza."

Akakaa. Hakubishana, kwa sababu mimi ndiye niliyejua mambo ya hospitali. Nikampima yule bwana presha, nayo ilikuwa nzuri kama ya kijana. Nilipoinua kichwa, jirani yangu alikuwa anafungua kitenge ili amshushe mtoto, na mkono wa mtoto ukaning'inia tu. Nilikimbia naye ndani. Daktari naye alikimbia. Ilikuwa malaria, ile inayopanda kichwani, na tulikuwa tumechelewa. Nasema tulikuwa, lakini aliyechelewa ni mimi.

Siku ya kumaliza matanga nilikwenda nikiwa tayari kutukanwa. Kusema kweli nilitamani anitukane mbele ya watu, anifukuze uani kwake. Badala yake alinipangusia kiti kwa upindo wa kitenge chake, akanipa soda, akakaa karibu yangu na kumpakata mtoto wake mdogo, ambaye sasa ndiye pekee aliyebaki. Wanawake wa kwaya walikuwa wametuzunguka. Nikaanza kusema kwamba naomba msamaha.

Yeye akanishika goti. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Dada," akasema taratibu, "ile maneno yako haina nguvu tena. Tufundishe ingine."

Mtoto akakohoa mapajani mwake, kikohozi kidogo tu cha mafua, na wanawake wote wakanigeukia wakingoja.