Sensa ya Spidi na Mama Asiyeshuka

Asubuhi ile mama aliingia kwenye gari langu ukungu ukiwa bado umelala barabarani, akakaa kiti cha nyuma, kapu la mapea mapajani, akafunga mlango. Dada yake mkubwa alikuwa anaumwa kule Mtae na alikuwa ametuma ujumbe kwa mara ya tatu: njoo tuonane. Mara mbili za kwanza nilijibu, "Tutaenda kesho."

"Mama, shuka. Gari bovu."

"Nikishuka, safari imekufa. Nakujua."

Na gari lilikuwa bovu kweli. Mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri hata nikikimbia kama nafukuzwa na simba wote wa Mkomazi. Gia ziliingia kwa kishindo cha kuamsha marehemu, na kila nikipunguza mwendo kwenye kona, injini inazima. Njia ya Mtae ina kona kuliko nywele zangu, na kila kona ina bonde lake chini. Injini ikizima pale, usukani na breki vinakuwa vizito kama gogo la Shume.

"Ni sensa ya spidi," nikamwambia.

"Sensa? Si walishatuhesabu?"

"Hiyo ni nyingine, mama. Hii ni kidude cha kwenye gia boksi, kinahesabu mizunguko."

"Basi kiambie tuko wawili, twende."

Jirani yangu wa bodaboda akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka, badilisha sensa, mambo yaishe."

Lushoto nzima ni mabingwa wa kubadilisha sensa! Nilikuwa nimeshaibadilisha, na mshale haukutikisika hata kwa adabu.

"Nimebadilisha."

"Basi badilisha gari," akasema, akatia moto, akaondoka anacheka.

Sensa mpya imeshindwa, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye waya. Hilo nililisoma darasa la jioni la ufundi wa magari, nusu ya wanafunzi tukikoroma. Nikachomoa plagi ya sensa, nikawasha swichi, nikashika mita ya kupimia umeme. Nyaya ni tatu. Wa umeme: volti kumi na mbili, safi. Wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi: safi. Wa tatu, unaopeleka habari kwenye dashibodi, ulitakiwa uwe na volti tano. Sifuri! Nikazima swichi, nikapima waya huo na bodi ya gari. Mita ikalia piii. Kumbe mahali fulani ulikuwa unagusa chuma.

"Mama, nataka kulala chini ya dashibodi."

"Lala. Mimi nimekaa nyuma, nakuzuia nini?"

Nikalala miguu nje, kichwa kwenye giza, nachomoa plagi moja baada ya nyingine, na huku juu yangu naulizwa kama atamkuta dada yake hai kwa mwendo huu. Jasho likanitoka la kumwagilia shamba la kabichi. Nilipochomoa plagi ya redio, mita ikanyamaza.

Redio! Fundi aliyeifunga aliuona waya wa habari za spidi, ambao unafika mpaka kwenye redio, akaudhani ethi, akaukaza kwenye bodi kwa skrubu. Nikamtaja kwa maneno ambayo mama alijifanya hajayasikia. Nikaufungua ule waya, nikauzungushia utepe mweusi, nikarudisha plagi zote.

"Twende tujaribu mpaka Lukozi, halafu turudi nijiandae," nikasema.

Mshale ukapanda. Gia zikaingia kimya kama paka. Nikapunguza kwenye kila kona, moyo mkononi, injini ikaendelea kunguruma. Lukozi nikawasha taa ya kugeuza gari.

"Unageuka uende wapi?"

"Mama, nimevaa kandambili. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hata chai sijanywa!"

Akatoa pea kwenye kapu, akaniwekea begani.

"Dada yangu hajaniita nimletee bwana harusi. Nyoosha."

Nikazima taa, nikanyoosha.