Nilimwambia mama mkwe "kocha amesema", na kocha hakusema neno

Admini, jina langu lifiche, na ofisi yetu usiitaje. Juba ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, niko mtaa wa Gumbo. Nilikulia Kenya, nikafika kidato cha nne, nikarudi huku nikaolewa. Mume wangu anachimba visima upande wa Bor, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi. Naishi na mama mkwe na mtoto wangu wa miezi kumi. Nimechoka, ndiyo, lakini sikuja kulilia uchovu. Kuna kitu nimefanya na kinanila.

Ofisini mimi ni wa kuandika mali ya stoo. Mwaka huu wachache wetu tulipewa nafasi ya kuongea na kocha kwa simu, mama mmoja wa Kampala, vikao sita. Mimi nilidhani ni kama kupelekwa kwa shangazi: unamweleza shida, anakuambia fanya hivi, na ikibidi anakuja mwenyewe kuongea na watu wako. Siku ya kwanza tu akanirekebisha. "Mimi si mshauri, wala si wa kutibu mawazo. Majibu sitakupa. Nitakuuliza maswali, kuamua ni wewe. Ukiona haikufai, niambie, sitakasirika." Nikajisemea, hii nayo ni kazi, kuuliza tu? Lakini kikao cha tatu akaniuliza, "Kama hakuna mtu angekukasirikia, ungetaka nini?" Nikasema nataka ile nafasi iliyotangazwa ofisini, ya kusimamia stoo ya Torit, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Sikujua naitaka hivyo mpaka niliposikia mdomo wangu ukisema.

Sasa nyumbani. Kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya mama mkwe akasema "nimeamua". Neno lazima liwe na mkubwa wake. Nilipoanza kumgusia Torit, mama alisema mtoto hajatembea bado, haachwi. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mama, kocha amesema niende."

"Kocha? Kwani unacheza mpira na mtoto mgongoni?"

"Hapana, mama. Ni mtu mkubwa, amesomea mambo ya kazi. Ofisi inamsikiliza."

Akaacha bamia aliyokuwa anakata. "Ana watoto?"

"Anao." Sikujua kama anao.

"Na yeye amesema uende?"

"Amesema."

"Kalas, basi. Kama mkubwa amesema, mimi ni nani? Enda. Mtoto mimi iko naye."

Hapo mngefikiri nilifurahi. Wifi yangu yuko Arua, Uganda, alikuwa na mimba ya kwanza, na mama alikuwa aende kumshika. Mfuko wake ulishafungwa, umekaa kando ya mlango na kanga mpya za mtoto ndani. Siwezi kusema sikujua. Niliuona ule mfuko, nikajua Torit naweza kuitwa siku yoyote, na nikasema vilevile. Kesho yake akaufungua mwenyewe, akarudisha nguo zake sandukuni.

Wifi alijifungua salama, Mungu asante, lakini alijifungua na majirani. Kwetu mtoto wa kwanza unamzaa mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa mama yako. Alipopiga simu mama aliweka sauti kubwa kwa sababu sikio moja halisikii vizuri, kwa hivyo nilisikia yote. Wifi analia, "Mama, umenitupa." Na mama anambembeleza, "Malesh, pole, binti yangu. Mkubwa alisema mke wa kaka yako aende kazini. Mimi ningekataa neno la mkubwa?" Nilikuwa pale pale namvalisha mtoto. Nikaendelea kufunga vifungo.

Kikao cha tano kocha akauliza nyumbani walionaje. Nikasema wamekubali. "Wamekubali nini hasa?" Nikamwambia madam, netiweki inasumbua, nikakata. Netiweki ilikuwa sawa kabisa.

Mwenzangu mmoja ofisini ananiuliza kama kocha anafaa, naye ajiandikishe. Namkwepa. Nikiwa mkweli, anamfaa mtu aliye tayari kusema "ni mimi niliyeamua" mbele ya watu wake. Mimi niliamua, halafu nikamtwika mtu mwingine.

Kikao cha mwisho ni Alhamisi. Juzi mama aliniambia anataka kukaa kando yangu siku hiyo amsalimie mkubwa wangu. Nikamuuliza unataka kumwambia nini, mama. Akasema, kwa upole kabisa, "Nataka kumwomba ruhusa. Nikaone mjukuu wangu kwa wiki moja tu, kama ataona si vibaya."

Ndugu zangu, sijalala vizuri tangu hapo. Kumwomba kocha aseme "enda" siwezi, si kazi yake na ni uongo juu ya uongo. Kazi ya Torit siiachi, hilo msinishauri, hata kama italazimu niombe kuanza mwezi ujao ili mama asafiri. Na mama nampenda, sijawahi kupata mama mwingine huku. Hajawahi kuninyima kitu. Lakini akijua kwamba yule mkubwa aliyemtii, mpaka akamwacha binti yake azae peke yake, alikuwa ni mimi, ataniangalia vipi tena?

Wenye mama wakwe, wenye mabinti, niambieni bila kunionea huruma. Zimebaki siku tatu. Nimkalishe nimwambie kwa maneno gani, na nianzie wapi?